Sauti Iliyosita Kwenye Majina

Mimi ni mtu wa kelele. Nikifurahi mtaa mzima unajua, kwa hiyo naomba mnivumilie. Habari hii inahusu hitilafu za kurasa ndani ya kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, na najua wengine mmeshaanza kupiga miayo. Subirini kidogo. Hitilafu hizo ndizo zilizosimama katikati ya dada yangu na kazi aliyoitaka kuliko kitu chochote, na mtu pekee pale nyumbani aliyejua zinakaa wapi nilikuwa mimi.

Dada alianza kupoteza macho akiwa sekondari. Alimaliza chuo cha uandishi wa habari akiwa haoni kabisa, akarudi nyumbani Ilemela, akakaa. Sauti anayo. Sisemi hivyo kwa kuwa tumenyonya ziwa moja. Kanisani akitoa tangazo hata watoto wananyamaza. Kituo kimoja cha redio mjini Nyamagana kilikuwa na mazoea ya kumwita kwenye vipindi kama mgeni, azungumzie maisha ya watu wasioona, anywe soda yake, arudi nyumbani. Mwisho akachoka. Aliniambia tukiwa tunapara samaki nje, "Mimi sitaki kuwa habari. Nataka kusoma habari."

Mkuu wa matangazo wa kituo kile alikuwa mama mmoja mtu wa Mara, mnene, mpole, asiyependa longolongo. Dada alimwendea, akamwamkia, akamweleza: kompyuta itanisomea taarifa sikioni, nami nitaisema hewani papo hapo. Nukta nundu anazijua, lakini habari za redio huletwa zikiwa bado za moto na hakuna wa kuzichapa kwa nukta. Yule mama alifikiri, kisha akampa Ijumaa moja, taarifa ya jioni, ajaribiwe. Sharti lilikuwa moja. "Mwanangu, hewani kimya ni sumu. Mtu akisikia kimya anahama kituo. Ukikaa kimya kuliko pumzi moja, tutabaki marafiki, lakini kazi hapana."

Ustadi wenyewe haukunitia wasiwasi. Kompyuta inatamka kifungu, yeye anakitoa mdomoni huku sikio likipokea kinachofuata. Nilijaribu mwenyewe nikavaa hedifoni, sentensi ya pili tu nikawa nimechanganyikiwa, nasema maneno ya Waziri kwa sauti ya mpiga ramli. Dada alicheka mpaka akashika mbavu. Yeye alifanya kwa raha kabisa, tena huku anachambua mchele.

Tatizo lilikuwa mashine. Mimi ni fundi kompyuta, nina kibanda mjini, na kompyuta mpakato aliyokuwa anatumia niliifufua mwenyewe kutoka kwenye rundo la vyuma. Memori yake ilikuwa ndogo na imegandishwa kwenye bodi, huwezi kuongeza. Simu tulijaribu, ila sauti nzuri ya Kiswahili kwenye simu ilitegemea mtandao, na mtandao wetu mnaujua. Kwenye kompyuta kulikuwa na sauti nyepesi iliyoongea kama mtu aliyebanwa pua, dada akaikataa siku ya kwanza. Sauti nzuri ilikuwa nzito: vipande vidogo vidogo vya maneno ya mwanamke mmoja wa bara, maelfu kwa maelfu, vimelala kwenye diski vikisubiri kuunganishwa. Hiyo ndiyo aliyoipenda. Na hiyo ndiyo iliyokuwa inasita. Ingesoma vizuri kabisa "Mkuu wa wilaya ya," halafu kimya, halafu "Sengerema." Kimya chenyewe kilizidi pumzi moja. Wakati mwingine kilizidi mbili.

Basi hapa niwaeleze, kwa kuwa hapa ndipo damu yangu inapochemka. Kila programu kwenye kompyuta inadanganywa. Inaambiwa memori yote ni yako, kaa utakavyo. Ukweli ni kwamba memori imekatwakatwa katika kurasa ndogo, na kurasa nyingi za programu hazimo humo, zimebaki kwenye diski. Fikiria duka pale Kirumba. Unaulizia kitasa cha aina fulani, rafu haina, lakini muuzaji hakwambii haina. Anasema, "Ipo, keti hapo," kisha anachepuka kwa mlango wa nyuma kwenda stoo ya jirani, anarudi nacho anapangusa vumbi. Wewe unalipa unaondoka ukijua duka limejaa. Programu ikigusa ukurasa usiokuwepo, prosesa, ubongo wa mashine, inasimama, inaita kiini, ndiye yule muuzaji wetu. Kiini kinauliza: huu ukurasa ni haki yake au anaiba? Kama anaiba, anauawa hapohapo. Kama ni haki yake, kinatafuta nafasi, kinauleta ukurasa kutoka diski, kinaandika kwenye jedwali kwamba sasa upo, kisha kinairudisha programu kwenye neno lilelile ililokuwa ikilitaka, iendelee. Programu haijui kwamba ililala. Tunaiita hitilafu ya ukurasa, jina la ovyo kabisa, kwa sababu hakuna kilichoharibika. Ndivyo mashine inavyoishi, mara nyingi mno kila sekunde. Mimi nikiufikiria ule uungwana wa kiini, kwamba kinarudi nyuma na kusema rudia, safari hii utapata, natamani kusimama kwa heshima.

Dada nilipomweleza alisema, "Kwa hiyo muuzaji anakimbia stoo wakati mimi niko hewani."

"Ndiyo."

"Basi mwambie akimbie kabla."

Nilimwambia si rahisi hivyo. Nilikuwa na kiburi cha mtu aliyesoma msimbo wa kiini. Mfumo tuliotumia ni ule wa bure ambao msimbo wake uko wazi, yeyote anafungua anasoma, na mimi nilikuwa nimefika mpaka kwenye kile kipande kinachopokea hitilafu za kurasa. Nikaamua kwanza nizione zikitokea. Nikaongeza mstari mmoja tu katikati ya kipande kile: kila hitilafu ikitokea, iandike kwenye kumbukumbu za mfumo, yaani daftari la matukio yake. Nikaunda kiini upya kwenye mashine ya kibandani, nikakipeleka nyumbani, nikawasha.

Hili ni kosa ambalo mama yako hawezi kulifanya, wala mhasibu, wala daktari. Ni sisi mafundi tu. Kumbukumbu za mfumo zinaandikwa kwenye diski. Ili ziandikwe zinahitaji memori. Zikichukua memori zinafukuza kurasa za wengine. Waliofukuzwa wakirudi kutafuta kurasa zao, ni hitilafu nyingine, nayo inaandikwa. Taa ya diski iliwaka ikabaki imewaka. Sauti ilitamka "Habari za" ikaishia hapo. Kompyuta ikawa inajieleza yenyewe kwa yenyewe bila kupumua, kishale hakisogei, na mimi nimesimama nimeshika kiuno. Nilizima kwa kubonyeza kitufe kwa nguvu. Dada aliuliza kumetokea nini. Nikamwambia nimemweka karani mlangoni aandike kila anayeingia, na karani mwenyewe kaziba mlango. Nilikuwa nimekasirika, kisha nikacheka, maana kwa kweli ilichekesha.

Nikafuta mstari ule, nikaweka kihesabio: namba moja tu, inakaa ndani ya memori, inaongezeka kimya kimya kila sauti inapokosa ukurasa. Nikaifanya namba hiyo ionekane kwenye kona ya skrini. Jumapili tuliporudi kanisani tulikaa kwenye lile jabali kubwa nyuma ya nyumba, upande wenye kivuli, kompyuta ikiwa mapajani mwangu na hedifoni masikioni mwa dada. Nikamwambia kila inaposita anyooshe kidole. Yeye haoni skrini, mimi sisikii sauti. Ikaanza kusoma.

Kidole juu, namba ikaruka. Kidole juu, namba ikaruka. Sikuamini. Ukerewe, kidole, namba. Jina la mbunge, kidole, namba. Mimi nimesoma juu ya hitilafu za kurasa miaka, nimezichora kwenye makaratasi, lakini sikuwahi kudhani kuna binadamu anayezisikia. Dada yangu alikuwa amekaa juu ya jiwe na gauni lake la kanisani, anasikiliza kiini cha mfumo endeshi kikifanya kazi. Nilianza kupiga makofi mpaka jirani akachungulia.

"Mbona ni majina tu?" nikauliza, kisha nikajijibu mwenyewe. Maneno kama "wa", "na", "serikali", "amesema" yanatumika kila dakika, kurasa zao zimeshazoea kukaa ndani. Majina yanatajwa kwa nadra. Memori ikiwa finyu, kiini kinamtoa asiyeitwa siku nyingi. Ni haki kabisa, ila habari bila majina ni porojo.

Dawa ya kwanza ilikuwa ya mabavu. Mfumo unaruhusu programu kufunga kurasa zake ndani ya memori zisitolewe. Nikafunga sauti yote. Jumatatu ikasoma vizuri, hakuna kusita, nikaanza kuimba. Kabla sijamaliza ubeti sauti ikakatika moja kwa moja, haikurudi. Kiini kilikuwa kimeishiwa nafasi kabisa, na kikiishiwa kinachagua mmoja wa kumuua ili wengine wapone. Kinamchagua mnene kuliko wote. Mnene alikuwa nani? Nilikuwa nimeifungia ndani ili isalimike, na huko kufungiwa ndiko kulikoiponza.

Siku mbili hizo nilikuwa mtu mbaya. Dada akiniuliza namjibu kwa mkato, wateja kibandani nawafokea. Nilikuwa naogopa, ndio ukweli. Yeye angepata kimya chake hewani, angerudi nyumbani, na ingekuwa basi, kila mtu angesema tulijua. Hakuwa amesema lolote juu ya hilo, ila alikuwa ameshonesha blauzi mpya.

Jumatano tukaenda kituoni akaonyeshwe studio. Tulikaa kwenye benchi la ukumbini kungoja. Wasomaji wawili walikuwa wakitembea huku na huku mbele yetu, kila mmoja na karatasi yake, wananong'ona. Midomo inakwenda, sauti haitoki. Mmoja alifika kwenye jina akalirudia mara kadhaa kama anayetafuna. Nikamuuliza dada kwa sauti ya chini wanafanya nini, wanasali?

"Wanapitia," akasema. "Hakuna anayeingia hewani na taarifa ambayo ulimi wake haujaigusa. Chuoni ukikamatwa hujapitia unatolewa nje. Unanong'ona yote, hasa majina, ili ukifika pale ulimi umeshapajua."

Nilisimama. Dada akanivuta sketi, akaniambia kaa chini, tuko ofisini kwa watu. Sikuweza kukaa. Taarifa huwa inafika kabla ya kusomwa, angalau dakika chache. Kwa nini mashine isipitie pia? Iisome yote kimya kimya, haraka kuliko anavyoweza mtu, bila kutoa sauti, iguse kila ukurasa wa kila jina. Hitilafu zote zitokee hapo, wakati hakuna anayesikiliza. Kisha nifunge kurasa hizo tu, chache, na sauti nyingine yote ibaki kwenye diski. Hakuna haja ya kugusa kiini hata kidogo. Kiini kilikuwa sahihi tangu mwanzo, mimi ndiye nilikuwa nakisumbua. Na dada alikuwa ameshaniambia, nami nikajifanya najua: mwambie akimbie kabla.

Nikaiandika jioni ile huku nakula, sikunawa vizuri hata vitufe vikanuka dagaa. Niliita programu ile mnong'ono. Alhamisi mchana tukajaribu na taarifa ya zamani iliyojaa majina ya vijiji. Mnong'ono ukapita, taa ya diski ikawaka kidogo, ikazima. Kisha dada akasoma kwa sauti yake kamili, sebuleni, kama yuko hewani. Nilikodolea macho ile kona ya skrini. Sifuri. Sengerema, sifuri. Ukerewe, sifuri. Mpaka mwisho, sifuri. Nilimkumbatia akiwa bado anasema "kwa habari zaidi", nikamwangushia hedifoni.

Ijumaa alivaa blauzi yake. Tulifika mapema, shikamoo, marahaba, akaketishwa studio mbele ya kipaza sauti, na mimi chumba cha pili nyuma ya kioo nikiwa na kompyuta, waya umepita chini ya mlango mpaka sikioni kwake. Taarifa ikaja. Nikapitisha mnong'ono. Muziki wa taarifa ukapigwa, taa nyekundu ikawaka, na dada yangu akasema habari za jioni kwa mkoa mzima.

Sitasahau. Alikwenda kama maji. Bei ya pamba, maji ya bomba, kivuko kilichorudi kazini, majina ya watu na vijiji, kila kitu mahali pake. Kihesabio sifuri. Mkuu wa matangazo alisimama nyuma yangu amekunja mikono, sijui anafikiria nini, na mimi nilikuwa nimekalia mikono yangu nisije nikapiga makofi.

Ndipo simu ya yule mama ikalia. Akasoma ujumbe, akauchapa haraka kwenye mashine ya pembeni, akautuma kwangu. "Fainali ya wasichana imeisha sasa hivi kwa penalti. Weka mwisho. Mji wote unasubiri."

Habari hii haijanong'onwa. Ningeweza kuipitisha mnong'ono wakati huohuo dada akiwa anasoma, lakini diski ni moja na memori ni ileile, sauti ingesita palepale. Ningeweza kumkata katikati ya sentensi aliyokuwa nayo. Au niiache iende ilivyo, na hitilafu zimkute mwishoni. Hakuna njia ya kumwambia, sikio lake limejaa. Nikaiweka mwisho, nikaiacha iende ilivyo. Nilijua kabisa neno lipi litasita.

"Na katika michezo," akasema dada, "fainali ya mkoa ya soka la wasichana imemalizika hivi punde kwa mikwaju ya penalti, na bingwa mpya ni."

Namba ikaruka. Taa ya diski ikawaka. Kimya.

Pumzi moja ikapita. Yule mama akanigeukia. Nilikuwa nimeng'ata kidole, natazama kioo. Dada hakushtuka. Hakupapasa waya, hakugusa hedifoni. Alisogea mbele kidogo, akakaribia kipaza sauti, uso wake umetulia kama mtu aliyeshika kitu nyuma ya mgongo na hajataka kukitoa. Kule nje, kwenye kijiwe cha bajaji ambako redio yetu ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho, hata injini zilikuwa zimezimwa.

"Kisesa," akasema.

Kelele zilizopigwa barabarani zilipita kwenye vioo viwili. Mtu alikuwa anagonga bati. Dada akasubiri zipungue, akatutakia jioni njema kwa niaba ya kituo, taa nyekundu ikazima.

Ukumbini yule mama hakuzunguka. "Mwanangu, kile kimya kabla ya Kisesa."

Angeweza kusema alikusudia. Nilimfinya mkono aseme hivyo. Akautoa mkono wake. "Ni mashine, mama. Habari ilichelewa, ikakwama."

"Na wewe?"

"Mimi sikukwama. Naijua inavyokwama, nilisikia inataka kusita. Nikaona kama wote tunasubiri, basi tusubiri pamoja."

Yule mama alitazama dirishani, kule ambako vijana wa bajaji walikuwa bado wanarukaruka. "Nimesoma habari miaka mingi," akasema, "na sijawahi kuwanyamazisha wale. Jumatatu, taarifa ya asubuhi. Usichelewe." Kisha akaniangalia mimi na waya zangu. "Na huyu fundi wako, atakuwa anakuja kila siku? Maana chumba chenyewe ni kile kidogo."

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema ndiyo, nitakuja, nitafunga hata kibanda.

"Haji," akasema dada. "Mnong'ono nitaupitisha mwenyewe. Nimeshajua unavyokwenda."

Nilifurahi, tena sana. Na iliniuma hapa kifuani kama mtu amenipiga kiwiko. Nikabeba kompyuta mpaka nje bila kusema neno, kitu ambacho dada anadai hakijawahi kutokea tangu nizaliwe.

Jumatatu nilikuwa kibandani, redio juu ya rafu. Mteja alikuwa ananieleza habari ya kioo chake kilichopasuka, nikamnyooshea mkono anyamaze. Dada alisoma kama aliyezaliwa mle ndani. Karibu na mwisho, kabla ya kumtaja mwalimu aliyepewa zawadi huko Magu, akasita kidogo. Nilishika ukingo wa meza. Akalitaja jina, akaendelea.

Jioni nilimngoja mlangoni. Hata viatu hajavua nikamuuliza, kile kilikuwa diski au kilikuwa wewe?

Akapapasa kiti, akaketi, akanawa mikono polepole kwenye bakuli.

"Njoo ule," akasema, "samaki anapoa."